Aliyezijua Tairi za Mvua

Wachezaji wengine wa banda lile la gemu walianza na gari. Walichagua rangi, wakachagua namba ya ubavuni, wakagombania jekundu. Yeye alianzia chini. Aliyapita magari yote bila kuyatazama, akafungua ukurasa wa tairi, akakaa hapo hata wenzake wakaanza kupiga miluzi. Alisogeza uso karibu na skrini, kidole gumba kikisugua pedi kana kwamba kinapima mpira wenyewe, kisha akauliza swali lake la kila Jumamosi: "Leo lami ya wapi, na mbingu yake ikoje?"

Tulimwita Fundi. Jina lake nalijua, na watu wa mtaa wetu wa Mabawa, Tanga, wanalijua, lakini halitasaidia kitu hapa. Alikuwa fundi wa tairi kwa mikono na bingwa wa mbio za gemu kwa pedi, na mambo hayo mawili ndiyo ninayoyajua kumhusu. Miaka mitano nilikaa naye benchi moja na nilimpenda. Miaka minne iliyofuata nilitaka kwake jibu la swali moja tu: siku alipomchongea kaka yangu tairi, je, alisahau kumwonya, au alinyamaza kwa makusudi? Kaka yangu sasa ana mguu mmoja. Nadhani nilikuwa na haki ya kuuliza.

Banda la gemu lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mwanamke wa Kipemba tuliyemwita Mama Gemu. Lilikuwa na skrini nne, mabenchi mawili, na dirisha ambalo yeye alikaa upande wa pili akiuza bajia na juisi ya ukwaju. Sheria zake zilikuwa tatu. Kandambili zinabaki nje. Matusi yanabaki nje. Adhana ikisikika, mchezo unasimamishwa pale ulipo, hata kama umebakiza kona moja. Magari yaliganda hewani, wenye kusali wakaenda kusali, wasiosali wakala bajia kwa aibu.

Siku moja ya Jumamosi Fundi alirudi kutoka swala ya alasiri, akashika pedi, na kabla hata ya kuketi vizuri akaingiza gari lake kubadili tairi. Alikuwa akiongoza. Hakuna aliyeelewa.

"We Fundi," Mama Gemu akamwita kutoka dirishani, "hebu niambie kweli. Ulikuwa wasali au wahesabu tairi?"

"Mola anisamehe," akajibu bila kugeuka. "Rakaa ya tatu nimekumbuka ya nyuma kulia imekwisha."

Alishinda mbio zile. Mama Gemu akasema ushindi wa namna hiyo haramu kuushangilia, kisha akamletea juisi ya bure.

Karakana yake ilipakana na banda. Mabati manne, karai la maji ya kutafutia pancha, pampu ya umeme iliyonguruma tangu asubuhi. Siku ya kwanza kuingia bandani hakuja kucheza, alikuja kugomba. Yeye pancha ndogo alizitafuta kwa sikio, na kelele zetu zilimzuia kusikia upepo ukivuja. Nilikuwepo. Alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Punguzeni hiyo sauti. Watu tunafanya kazi."

"Na hiyo pampu yako je?" Mama Gemu akamuuliza. "Yasoma maulidi?"

Akafungua mdomo ajibu, lakini macho yake yakaangukia skrini. Dereva mmoja wa bajaji, mcheza mkubwa wa banda letu, alikuwa anapigana na kona. Anakata kushoto, gari linakwenda mbele. Anakata zaidi, gari linakwenda mbele, mpaka likabusu ukuta.

"Ya mbele kushoto imekufa," Fundi akasema. "Imekufa tangu kona mbili nyuma. Unaulaumu usukani bure, mgosi."

Dereva wa bajaji akabonyeza kitufe, mchoro wa tairi nne ukatokea. Ya mbele kushoto ilikuwa imekwisha. Fundi akavua kandambili, akaketi.

Kwa asiyecheza, nieleze kidogo. Katika gemu zile gari unaloliona ni pambo. Kinachoamua ni tairi uliyoifunga. Ile laini inashika lami vizuri, inakuingiza konani kwa kasi, lakini inakwisha upesi. Ikianza kwisha mbele, pua ya gari haikati tena. Ikianza kwisha nyuma, mkia unatoka na gari linageuka kutazama lilikotoka. Ile ngumu inachelewa kupata moto, raundi za mwanzo unateleza kama uko juu ya sabuni, lakini itakufikisha. Halafu kuna za mvua, zenye mifereji. Juu ya lami kavu zinaungua na kufa. Juu ya maji ni zenyewe tu zinazogusa chini, nyingine zote zinaelea.

Mambo haya yameandikwa ndani ya gemu, kwa Kiingereza, kwenye kurasa ambazo hatukuwahi kuzifungua. Fundi hakuzisoma. Aliyaeleza kutokana na kazi yake, na alipoyaeleza yalikaa.

"Laini ni mchumba," alisema. "Kona ya kwanza anakukumbatia, ya pili anakukumbatia, ya tatu ukimtafuta hayupo. Ngumu ni mke. Asubuhi hakusemeshi, lakini utafika naye."

"Ndiyo maana wako karudi kwa mamaake," Mama Gemu akamjibu. "Kazungushwa weee, hata kupumzishwa hakupumzishwa."

Banda zima likacheka, na yeye akacheka, lakini nilimwona amekaza taya. Mzaha aliupenda kwa wengine. Wake aliuhesabu.

Hilo nililiona mapema na sikulipa uzito. Fundi hakujua kushindwa. Akishindwa mbio za Jumamosi, karakana ilikuwa kimya mpaka Jumatano. Alijibu salamu kwa kichwa. Mgeni akija bandani akajisifu, Fundi alimkaribisha kwa upole, akamwita mwanangu, akamshauri afunge laini mbele na ngumu nyuma. Ushauri huo ulifanya pua ing'ate na mkia uachie. Mgeni alizunguka kama pia kila kona, na Fundi alimwambia, "Pole mwanangu, utazoea." Watu walikufa kwa kicheko. Mimi nilikuwa na daftari la mashindano, niliandika nani alifunga tairi gani na alimaliza wa ngapi, na kwa sababu ya daftari hilo Fundi aliniita Mwandishi. Siku ya mgeni niliandika: laini mbele, ngumu nyuma, wa mwisho. Sikuandika nani alimshauri.

Lakini watoto wa shule waliokuja na baiskeli zenye pancha hakuwatoza. Na mzee mmoja wa jirani, aliyekuwa na kiti cha magurudumu, alipata mpira mpya kila wa zamani ulipochakaa, na haikusemwa kokote. Kwa hiyo sisemi alikuwa mtu mbaya. Ningepumzika kama ningeweza kulisema hilo.

Sasa nifike kwenye kuchonga.

Tairi ikitumika sana inakuwa kipara, haina mistari. Fundi aliichora kwa chaki, akachovya kisu chenye ncha iliyopinda kwenye makaa, akakata mistari mipya palepale juu ya upara. Kisha aliipaka dawa nyeusi. Ukiitazama kwa mbali ungesema imetoka dukani. Harufu ya mpira unaoungua iliingia bandani, na Mama Gemu alifunga dirisha akisema Fundi anapika. Si yeye peke yake aliyefanya hivyo, na wateja hawakukosa: wenye pikipiki, wenye gari za mizigo, watu ambao tairi mpya kwao ni habari ya mwakani.

Nilimuuliza mara moja kama haoni vibaya. Bandani hawezi kucheza raundi moja na tairi iliyochoka, halafu anawauzia watu vipara vilivyochorwa.

"Mimi siuzi tairi, Mwandishi. Nauza muda. Nampa mtu wiki tatu, apate ya kununulia."

"Na mvua ikinyesha?"

"Ndiyo maana nawaambia."

Ni kweli aliwaambia. Hili ndilo jambo la kukumbuka. Hakuna mteja aliyeondoka bila kuambiwa. Alimsimamisha mbele yake kama anayeozeshwa, akamtazama machoni, akamwambia: "Hii ni ya kiangazi. Tone likidondoka, gari lako liweke kando, unywe kahawa. Umenisikia? Sema umesikia." Mteja asiposema amesikia, Fundi hakuondoa mkono kwenye tairi. Niliyasikia maneno hayo mara nyingi hata ningeweza kuyasema usingizini. Wengine waliyafanyia utani, wakayajibu kabla hajayasema.

Yeye mwenyewe hakupanda gari bila kulizunguka. Siku moja tulikwenda pamoja stendi, tulikuwa na msiba Muheza. Gari la abiria lilikuwa limejaa, limebakiza nafasi zetu mbili, utingo anatuita kwa vidole. Fundi akazunguka, akainama, akabonyeza kwa kidole gumba tairi ya nyuma, akasimama.

"Hili silipandi."

"Lina nini?"

"Nalijua," akasema. "Nyuma pale ni mkono wangu."

Tukasubiri jingine. Lile likaondoka na watu wake, wanawake wenye vikapu, mzee mmoja mwenye koti, mtoto amelala begani. Fundi alilitazama mpaka likakata kona, kisha akanunua karanga. Lilifika salama, tulilikuta Muheza limeegeshwa. Niliisimulia hadithi hiyo bandani kama kichekesho, na nilisimulia vizuri, watu walicheka sana. Leo nikiikumbuka, naona uso wa yule mzee mwenye koti.

Kaka yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka sita. Alikuwa na pikapu ya kuchukua machungwa Muheza na kuyaleta Tanga mjini, na Jumamosi akija bandani alikuwa bado ananuka maganda. Alikuwa mcheza wa kawaida, mwenye kelele nyingi. Fundi alimpenda kuliko sisi wote. Alimfundisha kwa uvumilivu ambao mimi sikuupata, akamkalisha karibu, akamwonyesha jinsi ya kusikiliza tairi ikilia kabla ya kuachia. Kaka alimwamini kwa kila kitu. Kama Fundi angesema lami ni bluu, kaka angesema ndiyo, ya bluu kidogo.

Jumamosi moja mwanzoni mwa masika walibaki wao wawili katika fainali. Mbio zilikuwa ndefu. Katikati yake, kwenye skrini, mawingu yakaanza kujikusanya kwa mbali. Fundi alikuwa juu ya tairi za kati, si laini si ngumu. Akayaona mawingu, akasema, "Manyunyu hayo, yanapita." Kaka akaingia kubadili, akafunga za mvua, lami ikiwa bado kavu. Tulimzomea. Raundi nzima alichechemea, tairi zikiungua, magari yanayoendeshwa na gemu yenyewe yakimpita.

Kisha mvua ikashuka. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Fundi na nikaona mikono yake. Alikuwa anafanya kila kitu sawasawa, breki mapema, mafuta kidogo kidogo, na gari halikumsikia. Lilielea. Kwenye kona ya mwisho mkia ukatoka, akazunguka mara mbili, akakaa kwenye nyasi akitazama alikotoka. Kaka akampita taratibu, kama mtu anayempita jirani barazani, na kwa makusudi akapiga honi.

Banda lililipuka. Dereva wa bajaji akambeba kaka begani. Mama Gemu akapiga vigelegele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Fundi!" kaka akapiga kelele kutoka juu ya bega la mwenzake. "Ukitaka somo la tairi za mvua njoo Jumatatu, nina nafasi!"

"Mwalimu kapata mwalimu," dereva wa bajaji akaongeza.

Fundi alicheka. Aliweka pedi chini polepole, akaipangusa jasho kwa ncha ya shati, akatoka. Juisi yake ilibaki nusu.

Jumatatu ile nilikuwa vijijini, kazi yangu ni kupita kukagua visima na kuandika taarifa zake. Kilichotokea nimekipata kwa kaka na kwa dereva wa bajaji aliyekuwepo akijaza upepo, na wote wawili wanakubaliana. Kaka alileta pikapu yake karakanani. Tairi zote nne zilikuwa vipara. Akamwambia Fundi mbele ya watu: "Nichongee za mvua."

Hakusema kwa mzaha. Hapa ndipo ninapotaka nieleweke, kwa sababu watu wengi wamemwita kaka mjinga. Kwenye gemu, tofauti ya tairi ya mvua na nyingine unaiona kwa macho, ni mifereji. Fundi mwenyewe alitufundisha kwamba mfereji unakunywa maji. Kaka alishinda kwa mifereji, siku mbili tu zilizopita. Akaamini kwamba mifereji ndiyo tairi, na kwamba yeyote mwenye kisu na mkono mzuri anaweza kukutengenezea. Hatukuwa tumefundishwa kwamba mfereji unachimbwa kwenye nyama. Kipara hakina nyama. Ukichimba pale umeshafika kwenye waya.

Fundi alichonga zote nne. Dereva wa bajaji anasema hakuwahi kumwona akichonga vizuri vile, mifereji imelala kama misuko. Kaka akamshukuru, akaondoka. Alipomwambia "asante Fundi," Fundi alijibu, "Haya." Dereva wa bajaji alilisikia neno hilo moja. Maneno ya kahawa na kuweka gari kando hakuyasikia. Kaka nilipomuuliza baadaye alisema, "Huenda aliniambia. Unajua mimi nilivyo, sisikii." Siku tatu nzima alipita akiwaonyesha wenzake wa machungwa tairi zake mpya za mvua, na mvua ilipoanza kunyesha kweli, wenzake wakiegesha Muheza kungoja ikatike, yeye alikwenda. Alikwenda kwa sababu alikuwa na tairi za mvua.

Hakufika hata Pongwe, nusu ya njia ya kuja mjini. Kuna kona inayoshuka kuelekea kalvati. Pikapu ililala ubavu juu ya mguu wake wa kulia, na machungwa yalitapakaa barabarani, watu wengine wakaja kumwokoa, wengine wakaja kuokota.

Fundi alikuja hospitali mara moja. Nilikuwa pembeni ya kitanda. Alikaa na kofia mkononi, akazungumza habari za banda, nani kashinda, Mama Gemu kaongeza skrini. Kaka alimnyooshea mkono na kumwambia, "Baba, umekuja." Hakuwahi kumwita baba kabla ya hapo. Fundi akainuka, akasema anakwenda msalani, na hakurudi. Wiki chache baadaye karakana ilifungwa. Tukasikia amekwenda kuishi kwa binti yake, katika kijiji cha Mkwaja.

Nilikuwa na miaka minne ya kupanga maneno. Niliyapanga kama ninavyopanga taarifa: kwanza hili, pili hili. Mwaka huu, masika yakiwa yanaanza, nikapelekwa Mkwaja kuangalia visima viwili. Nilimaliza kazi kabla ya adhuhuri, nikauliza nyumba. Alikuwa kibarazani kwenye kiduka cha binti yake, sukari, sabuni, vibiriti. Amekonda. Mikono ile sasa ilikuwa safi, na usafi ule ulinishtua.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba." Akanitazama kwa muda. "Mwandishi! Umefuata tembo wa Saadani au umenifuata mimi?"

"Nimefuata visima. Na swali."

"Swali najua. Nilidhani utakuja mapema." Akamgeukia binti yake ndani. "Mama, mgeni huyu. Tuletee chakula."

"Fundi, wacha niulize kwanza."

"Kula kwanza."

Huko kwetu mtu hakatai chakula cha mwenyeji. Nilinawa, nikala wali wake na samaki wake, binti yake akiniongezea mchuzi na kuniuliza habari za Tanga. Nilikula nikiwa na hasira, na chakula kilikuwa kitamu. Binti alipochukua sahani, Fundi alisema bila kungoja niulize:

"Sikusahau."

Niliisogeza bilauri ya maji pembeni.

"Maneno yalikuwa hapa," akagusa koo. "Nachonga ya kwanza, nasema nitamwambia kwenye ya pili. Nachonga ya pili, nasema kwenye ya tatu. Nilipofika ya nne akaniambia, 'Fundi, mifereji iwe mirefu, isije ikawa kama zile zako za Jumamosi.' Watu wakacheka. Yeye mwenyewe alicheka vizuri, unamjua kaka yako, hana ubaya. Nikasema moyoni, haya bingwa. Wewe si ndiye mwalimu wa mvua? Nenda na mvua yako."

"Ulitaka aanguke?"

"Nilitaka ateleze. Ateleze kidogo, aogope, arudi kwangu aseme Fundi, nifundishe." Alisugua kidole gumba kwenye goti. "Hilo tu. Nakuapia, Mwandishi. Hilo tu."

"Na hospitali?"

"Nilikwenda kumwambia. Akaniita baba. Wewe ungeweza?"

Yale niliyoyapanga yote yalikuwa ya kumwambia mtu aliyekana, na huyu hakukana. Nikamuuliza kitu cha kijinga, nikamuuliza kama analala. Akasema analala vizuri, ila si mvua ikinyesha. Kisha akavuta pumzi ndefu, na niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua gunia.

"Sasa nimesema," akasema. "Alhamdulillahi. Umwambie au usimwambie, utaamua wewe. Wewe ndiye mwenye daftari."

"Fundi, mzigo umeutua kwangu."

"Kwa nani mwingine?"

Binti yake alinifungia samaki wa kukaanga kwenye gazeti, wa kupeleka nyumbani. Aliniambia karibu tena. Nikasema ahsante, tutakuja.

Kaka hakukata tamaa na maisha, na hilo linanifanya niionee aibu hasira yangu. Anashinda bandani kwa Mama Gemu, magongo yake yameegemea ukuta, na hakuna anayemfikia sasa. Wageni wakija anawafundisha tairi, na anawaambia kweli. Kila sentensi yake inaanza na "Fundi alikuwa anasema." Alipokula wale samaki aliuliza nani kawakaanga, nikamwambia ni binti wa Fundi, nikaishia hapo, na tangu siku hiyo amekuwa akisema twende Mkwaja tukamwone yule baba kabla hajafa, maana hakumuaga. Nilimwambia tungoje, mvua nyingi, njia mbovu, gari zinakwama.

Alikubali. Mambo ya mvua hunisikiliza. Lakini masika yamekwisha wiki tatu sasa, njia imekauka hadi Mkwaja, gari zinakwenda asubuhi na kurudi jioni, na jana ameniambia kanzu yake ameshaipiga pasi.